Lenzi ya Hamsini, Lakini Salamu Kwanza

Mjukuu wangu Neema,

Huku Mpwapwa hatujambo. Bibi yako anavuna karanga huku akikutaja.

Uliniuliza lenzi ya bei nafuu ya kupigia picha za watu: ni ile ya milimita hamsini. Kwa kamera yako yenye sensa ndogo, yaani kile kipande cha ndani kinachonasa mwanga, itavuta uso karibu, kwa hiyo utarudi nyuma kidogo. Ila salimia kwanza.

Ujanani nilirudi nyuma nimpige picha mama mmoja wa Kigogo, akanifuata. Nikarudi tena, akanifuata, mkono kaunyoosha: "Kijana, mbona unaikimbia salamu?" Nikashusha kamera, nikamwamkia, tukaulizana hadi habari za ndama. Ndipo akatulia, nikapata picha yake akicheka.

Nyuma yake kwenye picha hiyo yumo binti, hafifu kwa ukungu wa lenzi, naye anacheka. Ndiye huyo anayevuna karanga.

Babu yako