Nyanya za Shemeji, Njiru

Mama,

Mmeamkaje huko Kakamega? Njiru ni baridi na mawingu tu. Ghorofa mpya ya jirani iliziba jua la grinihausi ya Shemeji Wafula. Nyanya zikakataa kuiva, nusura azing'oe. Sasa amezitundikia taa za LED za zambarau kuongezea mwanga, nazo zinaiva vizuri.

Leo mchana tulizizima wakati wa kuchuma, maana chini ya taa hizo mbichi na mbivu hufanana. Mara mama mwenye ghorofa akaingia kununua.

“Mbona kuna giza hivi?”

“Ni ghorofa yako, mama,” Shemeji akamjibu kwa upole.

Yule mama akatazama juu, akachagua nyanya zake polepole.

Dada anakusalimu sana. Jifunike vizuri, Mama.

Nekesa wako