Mkwe Anayekula Umeme

Jumatatu, 3 Machi

Ruhusa ya kufanyia kazi nyumbani imetoka! Nimeleta kompyuta ya ofisini, lile dude zima na kioo chake, nimeliweka kwenye meza ya chakula ili nimwone mama kitandani. Mashine yake ya oksijeni inanguruma, mimi nabonyeza. Mama kaitazama kompyuta weee! Kauliza, ndiye mkwe aliyemngoja miaka yote huyu? Nimecheka hadi machozi.

Sharti la bosi ni moja — nukta yangu ya kijani, ile inayoonyesha niko kazini kwenye kompyuta, isizimike saa za kazi. Ikizimika, narudi ofisini. Na nikirudi, nani atakaa na mama?

Jumatano, 5 Machi

Umeme ulikatika. Betri ya akiba ilishika, lakini ikaisha upesi mno. Bahati umeme ulirudi. Nimemwita fundi. Kaangalia, kaguna. Anasema betri ilinunuliwa kwa ajili ya mashine ya mama peke yake, sasa inalisha wawili. Nikamwambia mbona nabana matumizi, nikiinuka tu naweka ile picha ya samaki wanaoogelea kwenye kioo, kama tulivyoagizwa ofisini. Fundi kaangua kicheko, kisha akaona uso wangu, akaacha. Samaki wale wanakula umeme uleule, kasema. Kioo kizimwe, kompyuta ilale.

Ilale vipi? Ikilala, nukta inazimika.

Mama katoka na lake. Mkwe gani huyu, anakula tu, hapiki!

Alhamisi, 6 Machi

Nimepunguza mwanga wa kioo hadi nasoma kwa kukunja uso. Printa nimechomoa, spika nimechomoa. Mama anadai namnyima mkwe wake chakula.

Nimempigia bosi, nimemweleza yote. Pole sana, kasema, lakini utaratibu ni utaratibu. Jioni katutumia wote barua pepe — tuokoe umeme! Nimeifuta kwa hasira.

Jumanne, 11 Machi

Umeme hakuna tangu asubuhi. Na leo kikao cha bosi, asikose mtu. Betri ikabaki na taa moja nyekundu. Nikajipa moyo, kikao kitakuwa kifupi. Bosi akaongea, akaongea.

Mara kimya. Ngurumo ya mashine haipo. Nikageuka — mama kachomoa waya mwenyewe! Kaushika mkononi, midomo imebadilika rangi, mabega yanapanda na kushuka. Akasema kwa kukatakata, maliza kwanza kazi yako, baba, mimi nitavumilia.

Baba! Ndivyo alivyoniita nilipokuwa mdogo, akitaka nisilie.

Sikumaliza. Nilizima kila kitu, bosi yuko katikati ya sentensi. Nikarudisha waya. Mashine ikanguruma. Nimempigia fundi, anakuja na betri ya kuazima, kasema yuko njiani. Sijui njia ipi.

Sasa nimekaa kitandani, mkono mmoja mgongoni mwa mama, mwingine unaandika. Naogopa. Nikiacha kuandika nitaitazama ile taa. Pumzi yake inarudi, polepole. Taa bado nyekundu.

Simu inatetemeka mezani. Si fundi — bosi.

Mama kafumbua jicho moja. Mkwe amelala? Amelala, mama.

Basi usimwamshe, anasema.

Simu inatetemeka tena.