Wangila amegongana na mama mkwe

Phanice!! Acha hiyo chai kwanza.

Si unajua Wangila, bwana ya Nabwile, yule mwalimu wa fizikia? Ameteremka mlima wa Malakisi na baiskeli, mbio, akakutana na mama mkwe amebeba debe la mahindi kichwani.

Na vile kwa Wabukusu mkwe hagusi mama mkwe! Wangila akaruka kutoka kwa baiskeli, na wote wawili wakakwepa kwa heshima. Upande MMOJA. Wakagongana kifua kwa kifua.

Wangila akarushwa nyuma mpaka kwa mtaro. Hapo matopeni akakumbuka alichofundisha asubuhi: mwendo haupotei, chepesi kikigonga kizito, chepesi ndicho hurudishwa.

Mama hakusonga bana. Mahindi hayakumwagika HATA PUNJE.

Tangu harusi hajawahi kumwongelesha. Leo amemwangalia pale chini, akauliza, "Nabwile aliniambia ameolewa. Sasa mwanaume alibaki wapi?"