Mtoto Analala Nje

Tampere, Ufini, 14 Januari 1957

Bibi mpendwa,
Shikamoo. Goti limepoa? Sisi wazima. Esko analala uani kwenye kigari chake, kama watoto wote wa hapa, blanketi za sufu hadi puani. Majirani wananisifu: "Mama Esko, mwanao anapata hewa safi kweli." Hukaa nje tangu baba yake, Reino, aende kiwandani mpaka arudi. Maziwa nampelekea hukohuko.
Mjukuu wako,
Tuulikki

Kuhmo, 19 Januari

Tuulikki wangu,
Marahaba. Goti bado bovu, ila ng'ombe ana adabu kuliko marehemu babu yako. Mama yako naye nilimlaza nje kwenye theluji, akanenepa. Lakini akiamka nilimwingiza ndani. Shule sikuiona, ila kutwa naijua urefu wake. Hakuna mtoto anayelala kutwa. Wewe ndiye humtaki ndani. Kwa nini? Usinifiche, mimi si jirani.
Bibi yako

Tampere, 27 Januari

Bibi,
Shikamoo. Barua hii nimeichana mara kadhaa. Nikimwogesha Esko naona mikono yangu ikimzamisha. Sitaki, Bibi, lakini naona, waziwazi. Visu nimevificha juu ya kabati. Usingizi sina. Akiwa nje, mikono yangu haimfikii. Jana alilia, nikasimama mlangoni, miguu ikakataa. Reino alimkuta mashavu meupe kwa baridi. Nikasema nilipitiwa na usingizi. Usimwambie, watanipokonya mtoto.
Mjukuu wako

Kuhmo, 30 Januari

Mwanangu,
Leo salamu zisubiri. Mwingize mtoto, umpe jirani amshike. Huna roho mbaya. Mwenye roho mbaya hafichi visu. Huu ni ugonjwa wa uzazi, kama homa ya maziwa ya ng'ombe aliyezaa, na una tiba. Dada yangu Hilja aliona mambo kama yako, akafunga mdomo kwa aibu, nasi tukawa tunamsifu kwa usafi wa nyumba. Barafu ilipoyeyuka tulimtoa ziwani.

Mwambie Reino kabla hajavua viatu. Asipoelewa, mpe barua hii. Nendeni kwa daktari, useme yote, hata hilo la maji. Usibaki peke yako. Ng'ombe nimemwachia jirani, nakuja na treni. Nikikuta umenyamaza nitakuchapa mbele ya mumeo, kisha nikupikie uji.
Bibi yako

Tampere, hospitalini, 3 Februari

Bibi,
Shikamoo. Barua hii Reino atakupa stesheni. Nilimwambia. Hakupiga kelele. Alikaa sakafuni bila kuvua koti, akauliza, "Na wewe mwenyewe, unajionea nini?" Nikaweka kidole kwenye jina la Hilja katika barua yako, akajua. Daktari amenilaza. Anasema wengi hupona, sijui kama nami nimo. Esko yuko kwa mama mkwe.

Muuguzi ameuliza kama aletwe Jumapili. Nilisema ndiyo. Usinipe nimbebe. Mshike wewe, umkaze kifuani, usimame karibu na mlango. Mimi nitakuja taratibu. Nikisimama njiani, usiniite. Nisubiri tu.
Mjukuu wako