Alama Nyekundu ya Syokau

Jumatatu, 3 Machi 2003
Uji wa mtama tena. Syokau amesema ni maji tu. Basi leo ana nafuu. Mke mwenza asiyetukana uji wangu ni mgonjwa. Mzee wetu alikufa akatuacha kama meno mawili: tunaumana, tunatafuna pamoja.

Ila dawa ya kifua kikuu amegoma. Si vidonge, ni ule mlima wa hospitali kila asubuhi. Nimemwambia akifa nitamzika na sufuria yake iliyotoboka. Niko na hasira. Niko na hofu.

Jumatano, 5 Machi
Watu wa afya wamepita na ramani ya mji. Nyumba yenye kifua kikuu inabandikwa alama nyekundu, bila jina. Penye alama nyingi ndipo watafungua chumba cha dawa.

Syokau akajaza uji mdomoni asikohoe, akatikisa kichwa: hapa tu wazima. Walipotoka tu, uji ukaruka mpaka kwa kuku. Nilicheka nikakaa chini. Halafu nikamkaripia vibaya sana.

Majirani pia wote wazima. Waongo. Mtaa huu unakohoa kushinda mbuzi.

Ijumaa, 7 Machi
Baraza kwa chifu. Nesi akatundika ramani. Kwetu nyeupe kabisa. Akasema basi chumba kiende mtaa mwingine.

Nikaanza kuinuka. Syokau akanivuta sketi, akasimama yeye.

"Mimi niko nacho. Bandika kwangu. Bandika vizuri, huyu mwenzangu anapenda kuchungulia."

Halafu Bi Rehema wa duka la vitambaa akasema mume wake pia. Halafu mwalimu wa Jumapili. Nesi akaishiwa alama, akamalizia na kalamu nyekundu. Tumecheka kama tuko harusini.

Jumamosi, 8 Machi
Tumepanda mlima sote wawili. Ameapa atapanda mpaka chumba kifunguliwe. Miguu inauma. Sijali.

Leo naandika kidogo. Shule sikuona, herufi nilipewa na ngumbaru, darasa la wazee, na mkono unachoka kabla ya mdomo.

Jumatatu, 28 Aprili
Chumba cha dawa kimefunguliwa, nyuma ya kinu cha unga. Syokau ameenda peke yake, amejifunga leso yangu nzuri bila kuuliza.

Amerudi uji ukiwa bado moto. Ameonja. Amesema ni maji tu.

Nimemwongezea.