Ribiti ya Hamsini na Mbili

Jumamosi, 6 Aprili 2019

Theluji tena. Aprili hii! Mlango wa banda umegoma, nimeusukuma kwa bega mpaka bega likalia. Tela liko vilevile tulivyoliacha. Alumini tupu, nyuma halina sakafu, limekaa juu ya magogo kama ng'ombe aliyekataa kuamka. Mume wangu Harlan alikufa Novemba ya mwaka juzi na drili yake bado ilikuwa pale alipoiweka. Sikuwahi kuigusa. Leo nimeigusa.

Nyumba nimeshauza. Wenyewe wapya wanaingia Ijumaa, tarehe 28 Juni. Siku hiyo ama nitoke uani na tela hili nyuma ya pikapu, nikaishi humo popote nitakapo, ama niende kwa Renae nikakae chumba chake cha chini. Binti yangu mtu mwema. Chumba chenyewe kina dirisha moja, linatazama magurudumu ya gari lake.

Nimefagia mavi ya panya, ndoo mbili. Wanasema ya kale hayanuki. Waje wanuse hapa.

Jumanne, 9 Aprili

Duane jirani kaja "kutazama tu." Mikono mfukoni, kofia nyuma. Kalizunguka tela mara tatu, kapiga teke gurudumu. Hivi Marlys, hili dude umeliona vizuri? Nimeliona tangu Renae ana miaka mitatu, nikamwambia, wewe ndiye unaliona leo. Akacheka. Akasema angekuwa yeye angelikata vipande, alumini ina wanunuzi. Kisha kanywa kahawa vikombe viwili, kala keki vipande vitatu, kaenda zake.

Mzigo wa mwenzio kanda la usufi. Magoti yananiuma yote mawili. Nalala.

Jumapili, 21 Aprili — Pasaka

Baada ya kanisa, kwa Renae. Paja la nguruwe, viazi vya kuoka, mkate wa maziwa. Wajukuu wamekwenda kwa baba yao, kwa hiyo tulikuwa wawili tu, na nyama ya watu kumi.

Kanishusha chini kunionyesha. Zulia jipya! Taa. Bafuni kafunga vyuma vya kushikilia, pande zote mbili. Kachagua pazia la rangi ninayoipenda. Nikasema pazuri. Akasema, si jela, Mama. Nikasema sijasema jela. Akasema uso wako umeshasema.

Tukapanda juu. Anaosha vyombo, mimi nafuta. Ghafla akauliza: Baba alianguka uani kwenu, na bado alikaa saa mbili ndipo mtu akamwona. Wewe ukianguka huko jangwani na tela lako, nani atakuokota?

Nikafuta sahani iliyokwisha kukauka. Nilikuwa mjini siku ile, nanunua misumari. Anajua. Hakusema hilo, ila anajua.

Nikala pai vipande viwili ili nisizungumze.

Alhamisi, 2 Mei

Sakafu imekwisha! Plaiwudi mpya, rangi mara tatu, kingo zote nimepaka. Mgongo wangu si wangu tena. Paneli za sola zimefika na kitabu cha maelezo kinene kuliko Biblia. Mimi, niliyeshindwa kuiweka saa ya jiko! Nimesoma kurasa nne nikalala kitini na miwani.

Ijumaa, 10 Mei

Bati la nyuma. Hili ndilo nililokuwa naliogopa.

Ribiti za kweli, hizi pini za kuunganisha bati, zinataka watu wawili. Mmoja nje na nyundo ya upepo, mwingine ndani ameegemeza kipande cha chuma, mkia wa ribiti ukipigwa unabonyea na kuwa kama kifungo. Aliye nje haoni kitu. Aliye ndani ndiye hakimu. Harlan alikuwa nje, mimi ndani. Nikigonga bati mara moja: nzuri, twende. Mara mbili: ongeza kidogo. Mara tatu: mbaya, itoboe tuanze upya. Tulikuwa tukishinda hivyo kutwa bila neno, na jioni naona kama tumezungumza siku nzima.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Na mimi ni kidole kimoja.

Basi nimetia zile za kuvuta, zinazofungwa na mtu mmoja kutoka nje. Harlan alikuwa akiziita ribiti za wavivu. Hamsini na mbili! Nimemaliza kabla ya saa kumi. Bati limekaa sawa, linang'aa. Samahani mzee. Ungekuwepo nisingezitia.

Jumapili, 19 Mei

Mvua siku mbili. Leo nimefungua tela — maji. Yamepenya kwenye ribiti zote, yakashuka ukutani, yameingia chini ya rangi. Sakafu yangu imevimba kona nzima.

Nimekaa juu ya ndoo nikalia. Sina la zaidi.

Jumatatu, 20 Mei

Duane: si nilikwambia. Hakuniambia kitu! Aliniambia nilikate vipande.

Nimezitoboa zote na kuzitoa; ni laini, matundu hayakupanuka. Kona ya sakafu nimeikata, nitaweka nyingine. Sasa nani akae ndani? Duane mikono yake inatetemeka, mwenyewe kanionyesha, akaitoa mfukoni akainyoosha mbele yangu. Nilimwonea huruma. Kumbe ndiyo maana. Kina mama wa kanisani, kila mmoja na nyonga ya kutengenezwa.

Nikampigia Renae. Nikamweleza yote.

Mama, unataka mimi nikusaidie kuondoka?

Nataka unishikie chuma, nikasema.

Akasema nitakuja Jumamosi. Kakata simu bila kwaheri.

Jumamosi, 25 Mei

Amekuja saa tatu, kavaa shati la baba yake. Kachagua ndani, nyundo inamtisha. Nikamfundisha kugonga, moja, mbili, tatu. Akasema kumbe ndizo zile, nilipokuwa mdogo nilidhani mnacheza.

Ribiti ya kwanza, nikasikia kelele: Mama, meno yangu! Nikacheka mpaka nikaegemea tela. Miezi mingapi sijacheka hivyo?

Tumepata tisa nzuri. Sita mbaya, na mbaya kweli, nimeziona, zimelala upande kama walevi. Si kitu. Ndivyo watu wanavyojifunza.

Jioni kakuta ndani ya kabati la mbele la tela mistari ya penseli, urefu wake kila kiangazi, mpaka miaka kumi na moja. Kaitazama muda mrefu. Akauliza utaipaka rangi? Nikasema wewe una wazimu.

Anafanya kazi zahanati siku zote za wiki, kwa hiyo Jumamosi tu ndizo zetu. Zimebaki nne kabla ya tarehe 28. Zinatosha.

Jumamosi, 1 Juni

Kumi na nane, na mbaya moja tu! Ana mkono wa Harlan yule. Gonga moja, gonga moja, gonga moja. Tumekula mikate ya samaki wa kopo juu ya sakafu mpya, miguu nje. Nikamwambia nitaanzia magharibi, kisha kusini baridi ikija. Nikamwonyesha ramani. Nilichora kwa kalamu nyekundu mpaka mbali.

Akasema, ni mbali.

Nikasema ndiyo! Kwa furaha, mjinga mimi.

Jumatano, 5 Juni

Nimebadilisha beringi za magurudumu. Grisi mpaka kwenye nyusi. Sola inafanya kazi — taa imewaka, nikaizima, nikaiwasha tena, kama mtoto. Halafu nikakumbuka hakuna wa kumwita aje aone.

Jumamosi, 8 Juni

Nane tu leo. Saba mbaya. Nikamuuliza umechoka? Akasema chuma kinateleza. Nikampa glavu nyingine.

Tundu likitobolewa mara moja, unatia ribiti nene zaidi, hakuna neno. Likitobolewa mara ya pili, basi. Hakuna ribiti ya kulijaza, bati ni la kutupa. Na bati lenye mkunjo kama huo linatoka mbali, wiki tano kama bahati ipo. Nilimweleza hayo. Akasema amesikia.

Jumamosi, 15 Juni

Tatu. Siku nzima, ribiti tatu!

Piga, nangoja — gonga gonga gonga. Natoboa. Natia nyingine. Asubuhi nilijilaumu mimi, nikapunguza upepo, nikabadilisha kichwa cha nyundo. Bure. Saa tisa akasema kichwa kinamuuma, akaenda zake.

Nikaingia ndani kufagia. Mikia ya ribiti tulizozitoboa ilikuwa sakafuni, huanguka upande wa ndani. Nimeokota mmoja. Bapa, mviringo, umekaa katikati. Nikaokota mwingine. Hivyo hivyo. Nimepiga magoti na miwani yangu nikaiokota yote, kumi na moja.

Yote mizima. Miaka yote nilikuwa mimi upande ule! Harlan mwenyewe hakupata mizuri kuliko hii.

Nimekaa pale mpaka miguu ikafa ganzi. Kwanza nilikasirika, nikatafuta simu. Kisha nikairudisha mfukoni. Ningemwambia nini? Wewe ni mwongo? Mwanamke wa miaka arobaini na moja amejifungia ndani ya bati ananiambia usiende, kwa njia pekee anayoiweza. Mdomo hauwezi. Hiyo kaitoa kwangu.

Zimebaki kumi na nne. Na Jumamosi moja.

Jumatatu, 17 Juni

Nimechoka. Nimefunga masanduku ya vyombo vya jikoni, nikafungua moja kwa sababu nimesahau kubakiza kijiko.

Je, nikimpigia? Sijapiga.

Alhamisi, 20 Juni

Duane kaja kukaza boliti za mkono wa tela, mimi nimeshika spana, yeye anasema kaza. Kauliza binti yako anaendeleaje na ribiti. Nikasema vizuri sana. Akasema wewe utatukosesha keki huku. Akatazama pembeni, akarudisha mikono mfukoni.

Mkia mmoja wa ribiti ninao kwenye mfuko wa aproni. Naushika mara kwa mara. Nikijiambia ukweli: Jumamosi ile, kila alipogonga tatu, kitu fulani ndani yangu kilikaa chini na kupumzika. Mbona sikuingia kutazama tangu ya kwanza? Ni hatua nne tu mpaka mlangoni. Ndiyo niandike hivyo? Haya, nimeandika.

Ila kile kidirisha cha chini kwa Renae. Na vile vyuma vya bafuni.

Jumamosi, 22 Juni

Naandika hapa uani, juu ya ndoo, na kalamu ya kuchorea mbao. Saa saba kasoro dakika kadhaa. Joto.

Renae amekuja saa mbili, mapema kuliko siku zote. Macho yamevimba. Kaleta vikombe viwili vya kahawa na keki ya Duane, eti mpe yule mzee, asije akakosa. Akaingia ndani bila kusubiri, akafunga mlango.

Nikapiga ya kwanza. Nikangoja.

Gonga. Moja.

Ya pili, moja. Ya tatu, moja. Nikaogopa kupumua! Moja, moja, moja, haraka hata nikashindwa kumfuata, ikabidi nimwambie pole pole mwanangu, mimi ni kizee. Moja. Mpaka saa sita tumetia kumi na tatu. Kumi na tatu bila kosa. Nikajisemea ameniachia. Nikajiona mwepesi, na papo hapo nikataka kulia, sijui kwa nini nilitaka kulia.

Ikabaki moja. Ya kona ya chini kulia. Ya hamsini na mbili.

Nikaipiga. Iliingia vizuri, mkono ulijua.

Halafu: gonga. Gonga. Gonga.

Nilisimama na nyundo mkononi. Ningeweza kusema, Renae, ninao mkia mfukoni. Nikachukua drili nikaitoboa. Ribiti nzima kabisa, nikaitoboa kwa mkono wangu. Nikatia ile nene. Nikamwambia kupitia bati, mwanangu, hili tundu halitobolewi tena. Nikasikia akihema. Nikapiga.

Hiyo ni robo saa iliyopita.

Hajagonga. Nasikia chuma kikiburutwa kidogo, kikatulia. Nimekuja kukaa hapa niandike. Kahawa imepoa. Drili iko miguuni, nimeitazama mara nyingi kuliko inavyostahili.

Nikainuka, nikaenda nikagonga mimi, kutoka nje. Mara nne.

Akauliza kutoka ndani, sauti imeziba: Nne ndiyo nini, Mama? Hukunifundisha nne.

Nikasema hata mimi sijui.

Hakucheka. Hakulia pia, nadhani. Nilisikia akisogea, akaegemea ukuta, pale pale nilipo mimi, bati likasukumwa kidogo kwenye bega langu. Nikaegemea nami. Moto wa jua kwenye alumini, lakini nikaegemea.

Nimerudi kwenye ndoo kuandika hili. Bado hajagonga.