Kalibu Niliyoiosha

Alhamisi, 15 Mei 2025
Nimechoka na masizi! Sufuria yangu ya wali, mume wangu Mansur ameigeuza ya kuyeyushia risasi. Yeye na kaka yangu Luqman wanajitengenezea chubwi za kuzamishia mishipi — eti za dukani nyepesi, mkondo unazichukua. Risasi kuukuu za betri za magari wanazitoa gereji za Changamwe. Leo Luqman kaleta kalibu yake ya saruji, ile wanayomiminia, nyeusi tii. Kaiacha uani kwangu, kenda zake. Na kesho Ijumaa! Nimeitia kwenye beseni, nimeisugua kwa sabuni na makumbi mpaka ikatakata. Nimeianika ukutani. Asante najua sitapewa.

Ijumaa, 16 Mei
Ya Rabbi, jicho la mume wangu.
Alimimina baada ya swala. Risasi ilipogusa tu kalibu ikalipuka, ikamrukia usoni. Hospitalini daktari akauliza kama kalibu ilikuwa na maji. Eti risasi iliyoyeyuka ikikuta hata unyevu wa ndani, huruka. Mansur akasema, shemeji yangu kaniletea mbichi.
Juu ilikuwa kavu! Niliigusa mwenyewe asubuhi. Sikujua kuwa saruji hunywa maji ikayaficha.
Nilikuwa nimeshika viatu vya Mansur. Nikavipangusa vumbi kwa kanga.

Jumapili, 18 Mei
Jicho la kulia halitaona tena. Ndiyo basi.
Luqman kaja na madafu. Mansur kakataa kumwona. Kaka yangu kakaa barazani kama mgeni, katika nyumba anayoingia bila hodi miaka kumi na tisa. Kaniambia, "Dada, wallahi niliileta kavu. Niliianika siku tatu." Nikamwambia ni qadari ya Mungu.
Qadari! Mkono wangu na sabuni yangu, halafu namsingizia Mungu. Naye akanishukuru kwa kumliwaza. Nimeingia chooni nikalia, nimefungulia bomba wasinisikie.

Jumatano, 21 Mei
Nilitaka kusema asubuhi. Namfunga Mansur vifungo vya shati, nikaanza, "Baba Swabra, kuna jambo." Akanikatiza: kikulacho ki nguoni mwako, nduguyo kanimaliza, nimebaki na wewe tu.
Nikamuuliza chai aitaka na tangawizi.
Mwoga mimi. Mwoga mkubwa.

Jumamosi, 24 Mei
Ufuoni hakuna anayetaka kuvua na Luqman tena. Wanasema mzembe, atawatia ulemavu. Wiki nzima hajaingia baharini. Kakonda.
Sasa hivi yuko sebuleni na Mansur. Kaja kula yamini kwamba hakuleta kalibu mbichi. Hata kuketi kakataa. Mansur kamwambia, "Ukiapa nitakuamini. Lakini kama si wewe, basi kuna mtu." Kisha akaniita nilete Msahafu.
Nikaitika abee. Nimetawadha, nimeuchukua. Nimekaa kitandani naandika, maji ya udhu yanadondokea karatasi. Luqman ataapa kweli tupu, nami nimemshikia Msahafu? Anayestahili kuwekewa Msahafu mbele ni mimi. Nikisema, Mansur atanitazama kwa jicho lile moja lililobaki. Nisiposema, kaka yangu —
Mansur kaita tena. Mara ya tatu.
Nasikia Luqman anamwambia taratibu, "Mwache kwanza, shemeji. Dada yangu analia kwa ajili yangu."